Jarida Lililobandikwa Ukutani

Kubuni jarida la muziki wa vijana ni kazi inayopewa wanafunzi wa habari karibu kila mahali. Mwanafunzi huchagua jina, hubuni jalada, hupanga ukurasa wa yaliyomo, kisha huandaa kurasa mbili zinazotazamana zenye mahojiano na msanii. Akiifanya kazi hiyo Kampala au karibu yake, iwe Makerere ambako shahada ya mawasiliano ya umma ilianza kufundishwa mwaka 1988, au kule Mukono kwenye Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, vielelezo vinavyomjia kwanza ni vya mbali: Rolling Stone la Marekani, na NME, Kerrang! na Q ya Uingereza. Atapima upana wa jina juu ya jalada, atahesabu vichwa vidogo vilivyopangwa ubavuni, atachagua rangi tatu na kuendelea. Kazi yake inaweza kupata alama nzuri na bado ikawa imeukosa mji. Kampala ina historia yake ya kuuweka muziki kwenye karatasi, historia ndefu na yenye mantiki, ila sehemu yake kubwa haikupita kwenye majarida ya muziki. Ilipita kwenye bango, kwenye jalada la kaseti na kwenye kurasa za ndani za magazeti ya kila siku. Hoja yangu ni kwamba ilipita huko kwa sababu zinazoeleweka, za fedha, za mitambo na za siasa, na kwamba anayebuni jarida la muziki Kampala leo anapaswa kuanzia kwenye bango.

Tuwatazame kwanza hao wageni, maana ni rahisi kuliona umbo lao na kusahau kilicholizaa. Melody Maker lilianzishwa London mwaka 1926 kwa ajili ya wanamuziki wenyewe, watu waliotaka habari za kazi yao na za ala zao. NME lilipotoa orodha yake ya kwanza ya nyimbo zinazouzwa zaidi Uingereza, Novemba 1952, liliipata kwa kupiga simu kwenye maduka ya santuri yapatayo ishirini na kuuliza wateja wamenunua nini. Nchini Ufaransa, Salut les copains lilitoka mwaka 1962 kama mtoto wa kipindi cha redio chenye jina hilohilo kilichoanza mwaka 1959. Smash Hits, lililozaliwa mwaka 1978, lilipendwa kwa kuchapa maneno ya nyimbo, ili kijana mwenye santuri yake nyumbani aimbe bila kubabaisha. Kila ukurasa tunaouona leo kama kanuni ya usanifu ulikuwa jibu la haja fulani ya sokoni. Orodha ya nyimbo bora ilikuwepo kwa sababu kulikuwa na maduka yaliyouza santuri na kuhesabu mauzo. Picha ya kubandua katikati ya jarida ilikuwepo kwa sababu msomaji alikuwa na chumba chenye ukuta wake mwenyewe. Ukilihamisha umbo bila ile haja, unabaki na fremu tupu.

Mtu anaweza kudhani Kampala haikupata majarida ya muziki kwa kuwa haikuwa na wasomaji. Historia ya mji huu inakataa. Alexander Mackay alifika Buganda mwaka 1878, na muda si mrefu alikuwa akichapa maandishi na kuwafundisha vijana kazi hiyo. Mengo Notes, gazeti la wamisionari wa Kianglikana, lilianza mwaka 1900. Ebifa mu Uganda, kwa Kiganda, likafuata mwaka 1907, na Wakatoliki wakaanzisha Munno mwaka 1911, gazeti lililoishi kwa miongo mingi. Redio ya serikali ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1954, na Uganda Argus lilipotoka mwaka 1955, palikuwa tayari na kizazi cha pili na cha tatu cha watu waliozoea kusoma gazeti kwa lugha yao, kulikunja na kumpa jirani. Wasomaji walikuwepo kabla gitaa la umeme halijafika.

Wala Kampala haikosi historia ya majarida. Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha Penpoint mwaka 1958, na humo zilitoka hadithi za awali za mwanafunzi aliyekuja kujulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1961 Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, alianzisha Transition, likawa moja ya majarida ya fikra yaliyosomwa zaidi barani Afrika. Haya mawili ndiyo ushahidi mzito zaidi dhidi ya hoja yangu. Kama mji ungeweza kulea Transition, ulishindwaje kulea jarida la muziki lenye umri wa kulingana nalo? Jibu liko kwenye swali la nani aliyelipa. Penpoint liliegemea chuo. Transition lilipata msaada wa Congress for Cultural Freedom, taasisi ambayo mwaka 1967 ilijulikana hadharani kuwa ilifadhiliwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwaka 1968 serikali ya Rais Obote ilimtia Neogy kizuizini, na baadaye jarida likahamia Ghana. Hata Straight Talk, gazeti dogo la vijana lililoanza mwaka 1993 likisambazwa ndani ya New Vision na kupelekwa shuleni, lilisimama kwa fedha za wafadhili walioguswa na janga la Ukimwi. Fasihi ilipata mlezi, afya ya vijana ikapata mlezi. Muziki wa starehe haukuwa na mlezi wa namna hiyo: ulitegemea mnunuzi wa tiketi, mnunuzi wa kaseti, na mfanyabiashara mwenye bidhaa ya kutangaza.

Na kwa muda mrefu fedha za muziki wenyewe hazikutua Kampala. Katika miaka ya 1960 mwanamuziki wa Uganda aliyetaka santuri nzuri alitazama Nairobi. Charles Sonko alikuwa mmoja wa wanamuziki wa Equator Sound Band pamoja na Fadhili William na Daudi Kabaka, na Fred Masagazi naye alirekodi huko. Jarida la picha lililokuwa likizunguka mijini lilikuwa Drum, lililozaliwa Afrika Kusini mwaka 1951 na kupata toleo la Afrika Mashariki. Kwa hiyo santuri ilitoka nje na picha ya mwimbaji ikatoka nje, huku sauti ikija kwa redio. Kisha ukaja Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku 90 za kuondoka. Maduka, karakana na viwanda vya chapa vilibadili mikono kwa wiki chache, na uchumi uliofuata ulikuwa wa uhaba wa kila kitu, karatasi ikiwemo. Uganda Argus lenyewe likawa Voice of Uganda, sauti ya serikali. Muziki haukufa: Afrigo Band ilianzishwa mwaka 1975, katikati ya kipindi hicho kigumu, na Moses Matovu na wenzake wakaendelea kupiga. Lakini bendi inaweza kuishi kwa ukumbi na spika. Jarida linahitaji karatasi, wino, barabara salama na mtu asiyeogopa kuandika. Ile miaka ambayo sehemu nyingine za dunia zilikuwa zikijenga mazoea ya kununua jarida la muziki kila wiki, Kampala iliipitisha ikitafuta sukari na sabuni.

Utulivu uliporudi, mambo yalikuja kwa kasi na kwa mpangilio ambao ndio uliokata shauri. New Vision lilianza mwaka 1986, The Monitor mwaka 1992, Bukedde la Kiganda mwaka 1994, Red Pepper mwaka 2001. Redio binafsi za kwanza za FM, Sanyu na Capital, zilianza mwishoni mwa mwaka 1993, na CBS ya Buganda ikafuata mwaka 1996. Tazama kilichotokea kwenye kazi za jarida la muziki, moja baada ya nyingine. Kutangaza wimbo mpya na kuupanga katika orodha ya wiki kulichukuliwa na redio, iliyofanya hivyo bure na papo hapo. Udaku wa nani kagombana na nani ulichukuliwa na magazeti, ambayo yalikuwa na waandishi, magari na wauzaji tayari, na yaliweza kuweka ukurasa wa burudani bila gharama ya ziada ya kuanzisha chombo kipya. Ugomvi wa wanamuziki Bobi Wine, Bebe Cool na Jose Chameleone, ambao mashabiki waliufuata kwa miaka, ulisomwa kwa shilingi zilezile zilizonunua habari za Bunge na za mpira. Daily Monitor likaja kuwa na Sqoop, kurasa zake za burudani zenye jina na sura ya pekee. Ni dada wa jarida la muziki kwa kila hali, ila analala nyumbani kwa kaka yake.

Jarida lingebaki na nini cha kuuza? Picha kubwa, nzuri, ya kubandika. Na hapo ndipo Nasser Road inapoingia.

Barabara hiyo, iliyopewa jina la Gamal Abdel Nasser, iko katikati ya Kampala, sambamba na Nkrumah Road, si mbali na stesheni ya reli. Ni mtaa wa wapiga chapa: kadi za arusi, risiti, stika, vitabu vya shule, kalenda, mabango. Kazi zimegawanywa kama kwenye kiwanda kimoja kilichotawanyika vyumba vingi. Mbunifu anakaa mbele ya kompyuta na Photoshop au CorelDRAW, na mteja kamwinamia begani akimwonyesha wapi pa kuongeza wekundu. Mwingine anatengeneza mabamba ya kuchapia. Mwingine ana mashine. Mwingine ana kisu kikubwa cha kukatia karatasi na hafanyi kingine. Picha ya rangi kamili inachapwa kwa mabamba manne, la samawati, la majenta, la njano na la nyeusi, kila moja likipita juu ya karatasi ileile. Bamba moja likihama hata milimita moja, mwimbaji anapata midomo miwili, wa juu mwekundu na wa chini wenye kivuli cha bluu. Ukikuta bango la zamani lenye kasoro hiyo, unaona mkono wa mtu aliyekuwa na haraka na mteja aliyesema liende hivyohivyo, onyesho ni kesho.

Hesabu ya mabamba ndiyo inayoeleza mengi kuliko maelezo yoyote ya utamaduni. Chukua mashine ndogo inayobeba karatasi ya ukubwa wa A3. Bango la upande mmoja linahitaji mabamba manne. Jarida la kurasa 16 za A4, lenye rangi mwanzo hadi mwisho, linakula karatasi nne za A3 zilizochapwa pande zote mbili, yaani pande nane, kila upande mabamba manne: jumla 32. Bado hujakunja, hujapanga, hujapiga pini, hujakata kingo. Na gharama ya mabamba ni ileile uchape nakala 100 au 5,000, kwa hiyo mwenye mtaji mdogo anaadhibiwa zaidi. Bango likimaliza kazi yake Jumamosi usiku, promota ameshajua kama amepata au amekosa. Jarida likichapwa, nakala zisizouzwa zinarudi, na toleo lijalo linangoja fedha ambazo bado ziko kwa wauzaji wa magazeti kule Old Taxi Park. Mfanyabiashara wa muziki Kampala aliyechagua bango hakuwa mtu asiyejua majarida. Alikuwa mtu anayejua kuhesabu.

Kaseti ilimfundisha hesabu hiyohiyo. Muziki wa kadongo kamu, ule wa msimulizi na gitaa lake, ulikuwa na nyimbo ndefu kama hadithi; za Paulo Kafeero zingeweza kupita dakika kumi bila mtu kuchoka. Wauzaji wakubwa kama Kasiwukira walizipeleka kaseti hizo sokoni, na uso wa msanii ulikuwa kwenye kipande cha karatasi kinachoingia ndani ya kasha: picha mbele, orodha ya nyimbo kwenye mkunjo, jina la msambazaji. Kipande hicho kidogo ndicho kilikuwa ukurasa wa muziki uliosomwa zaidi nchini. Kilifanya kazi ya jalada na ya ukurasa wa yaliyomo kwa pamoja, tena kilikuja na sauti. Mwanafunzi anayetaka kujua mbunifu wa Kampala alivyotatua tatizo la kuweka sura, majina na maneno mengi mahali padogo, akitafute.

Bango lina sarufi yake. Nyuso hukatwa kutoka kwenye picha zao za asili na kupangwa kwa ukubwa unaolingana na heshima: msanii mkuu katikati na mkubwa, waalikwa wakimzunguka na kupungua kadiri majina yao yanavyopungua. Nyuma yao kuna miali, moto, anga au taa za jukwaani, mara chache sana chumba halisi. Rangi nyekundu na njano hutawala kwa kuwa zinaonekana kutoka ndani ya teksi inayopita. Maneno hufuata ngazi: nani, lini, wapi, kiingilio, kisha wadhamini chini kama nguzo za nyumba, kampuni ya bia, kampuni ya simu, redio. Mabango ya siasa yanayochapwa mtaa uleule yanaongeza maelezo marefu chini ya kila picha, hadi karatasi moja inakuwa ripoti kamili yenye Saddam Hussein, Gaddafi au Amin, vifaru na ndege za kivita, ambayo mtu anaweza kusimama mbele yake saluni akaisoma mpaka zamu yake ifike. Mwaka 2023 mtafiti Mbelgiji Kristof Titeca alitoa kitabu kizima juu ya mabango hayo. Bobi Wine yumo katika ulimwengu huo, na njia yake inaonyesha jinsi ukuta ulivyo mmoja: alisoma muziki, ngoma na maigizo Makerere, akawa nyota aliyebandikwa kwa ajili ya maonyesho, akaingia Bungeni mwaka 2017 na kugombea urais mwaka 2021. Bango halikuhitaji kubadili umbo ili limfuate kutoka jukwaani hadi kampeni. Uso mkubwa katikati, watu wake kandokando, moto nyuma.

Watu makini watasema namna hii ya kufikiri ni hatari. Nasser Road, watasema, inajulikana pia kwa vyeti na nyaraka za kughushi, na mabango yake ni mrundikano usio na nafasi ya kupumua, herufi za aina saba kwenye karatasi moja. Kumpeleka mwanafunzi huko ni kumfundisha makosa. La kughushi ni kweli na ni baya, lakini ni mashtaka dhidi ya wahalifu fulani. Mitambo ileile inachapa misale na vitabu vya hesabu. La mrundikano linahitaji jibu refu zaidi. Nafasi tupu kwenye ukurasa ni anasa ya mtu ambaye karatasi haimgharimu sana, na ambaye msomaji wake ameketi. Bango la Kampala linasomwa na mtu anayetembea au anayesubiri. Anayetembea anapewa uso na rangi. Anayesubiri anapewa maneno mengi madogo. Ni karatasi moja yenye wasomaji wawili, na mbunifu amewahudumia wote. Wapo waliofanya vibaya, kama ilivyo katika kila fani. Kosa la mwanafunzi litakuwa kuiga mrundikano bila kuielewa sababu yake, na kosa hilo ni pacha wa lile la kuiga weupe wa jarida la London bila kuielewa sababu yake.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: jicho la binadamu ni moja. Kichwa kikubwa huonekana kabla ya kidogo, uso unaomtazama msomaji humvuta popote duniani, na kwa hiyo kanuni za jarida ni kanuni za wote. Nakubali nusu ya kwanza. Tena Makerere yenyewe inafundisha hayo vizuri: shule ya sanaa iliyotokana na darasa la Margaret Trowell, alilolianza mwaka 1937, imetoa wasanii na wabunifu wengi ambao jicho lao halina shaka. Lakini jarida si jalada tu. Ni mazoea ya kurudi. Kinachomfanya mtu anunue toleo la pili ni kile alichokikuta kwenye la kwanza na asichokipata kwingine, na hicho hakitoki kwenye kanuni za jicho. Kinatoka kwenye pengo lililoachwa na vyombo vingine vya mji wake. London, pengo lilikuwa orodha ya mauzo, baadaye maneno ya nyimbo. Kampala, redio imejaza la kwanza, magazeti yamejaza udaku, bango limejaza picha. La maneno ya nyimbo, kwa maoni yangu, bado liko wazi.

Hapo ndipo suala la lugha linapokuwa suala la usanifu. Kadongo kamu ni muziki wa maneno kwanza. Nyimbo hizo zimejaa methali za Kiganda, mafumbo na majina ya watu na vijiji, na kuna vijana wa mjini wanaozicheza bila kushika nusu ya kinachosemwa. Kwa upande mwingine Jose Chameleone, aliyeanza kupata jina akirekodi Nairobi na studio ya Ogopa, alichanganya Kiganda, Kiswahili na Kiingereza ndani ya wimbo mmoja, na kwa njia hiyo akasikilizwa Mombasa na Dar es Salaam na watu wasiojua neno la Kiganda. Ukurasa wenye maneno ya wimbo wa Kafeero katika safu moja, na maelezo ya Kiswahili katika safu ya pili, ungekuwa ukurasa ambao redio haiwezi kuutoa na bango haliwezi kuubeba. Najua Kiswahili kimebeba mzigo mzito Uganda. Kwa wengi kilikuwa lugha ya askari wa Amin kwenye kizuizi cha barabarani, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022 wa kukifanya lugha rasmi haufuti kumbukumbu hiyo kwa kalamu. Lakini muziki umekuwa ukifanya kazi hiyo ya upatanisho kwa muda mrefu kabla ya serikali, na mafanikio ya Bukedde, lililoanza nyuma ya gazeti la Kiingereza la kampuni yake na baadaye kulipita kwa mauzo, yanaonyesha kwamba msomaji wa Kampala hana aibu ya kusoma kwa lugha anayoiimba.

Linabaki pingamizi la wakati. NME liliacha kuchapa toleo la karatasi la kila wiki mwaka 2018, Q likafungwa mwaka 2020; kwa nini mwanafunzi apoteze muhula kwa karatasi? Msanii wa Kampala leo anatoa video na picha zake mwenyewe kwenye simu, na mashabiki wanazipata kabla mhariri hajaamka. Haya ni kweli, lakini Uganda ina sababu yake ya kutoitegemea simu peke yake. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na wakati wa uchaguzi wa mwaka 2021 intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Bango halikuzimwa. Zaidi ya hapo, kuna sababu ya mtu anayejali historia. Ukurasa wa mtandaoni unatoweka siku mwenye nao anapoacha kulipia, na mabishano mengi ya muziki wa Kampala ya miaka iliyopita tayari hayapatikani. Maktaba ya Makerere hupokea kwa mujibu wa sheria nakala za machapisho ya nchi, na ndiyo maana Munno na Argus bado vinasomeka. Mabango hayakupelekwa huko. Yalibandikwa, yakanyeshewa, yakafunikwa na mengine.

Kwa hiyo mwanafunzi anayepeleka kazi yake Nasser Road na kuchapa nakala chache za jarida la kurasa 16 ana jambo dogo la kuongeza, ambalo bango halikuwa na haja nalo. Bango la onyesho husema siku na tarehe, kwa kuwa anayelisoma anajua yuko mwaka gani. Chukua la Jumamosi, tarehe 14 Agosti, lisilo na mwaka. Anayelikuta leo ndani ya sanduku itabidi apige hesabu: tarehe hiyo iliangukia Jumamosi mwaka 1999, mwaka 2004, mwaka 2010 na mwaka 2021. Ataangalia nembo ya kampuni ya simu, ataangalia mtindo wa nywele, ataangalia ni nani alikuwa bado hai. Kwenye ukurasa wa pili wa jarida, chini kabisa, kwa herufi ndogo, inatosha mistari miwili: mwaka, na jina la aliyechapa.